Fundi amemaliza, ameondoka, uchafu wa shantie (kazi ya ujenzi) umebaki juu ya ukuta. Ni wa nani?

#1 MwanaPanzi
Jambo wote. Swali langu ni kwa waliokwisha kutengeneza nyumba hapa Bukavu. Tuko Panzi, kwenye mteremko. Fundi alitubomolea jiko la zamani na ukuta mmoja wa ndani, akaweka karo (vigae) chini, akabadilisha manjanja (mabati ya chuma ya paa) ya upande wa nyuma. Kazi yenyewe sina neno nayo, ni safi. Lakini uchafu wote ameurundika nyuma ya nyumba: matofali yaliyovunjika, mabonge ya sima (saruji), vipande vya karo, mbao zenye misumari, mifuko mitupu. Na rundo liko pale juu kabisa ya ukuta unaozuia udongo usimshukie jirani wa chini. Nikimpigia simu ananijibu, "Mama, tulipatana kujenga, hatukupatana kufagia." Mvua ya juzi imeshusha tope hadi mlangoni kwa jirani, na ule ukuta sasa naona umetoa tumbo. Uchafu ule ni wangu au ni wake? Na kama ni wangu, unapelekwa wapi?

#2 Fundi_Mosala
Pole mama, na pole kwa jirani. Lakini tuseme kweli. Hapa kwetu mwenye nyumba ndiye ananunua sima, mchanga, mawe, karo, kila kitu. Fundi anauza mikono yake tu. Vitu vilikuwa vyako vikiwa vipya, vikivunjika vinageuka kuwa vyangu? Mimi kwenye devi yangu, karatasi ya bei, naandikaka mstari wa kuondoa uchafu, na huo ndio mstari wa kwanza mteja anaufuta ili bei ishuke. Siku ya mwisho anasimama mlangoni anauliza mbona pachafu. Beni, lori la kubeba, hailipwi na maneno.

#3 Papa_Bagira
Fundi_Mosala umejibu mbio sana, naona kuna rundo lako mahali linakusubiri.
Mama, kama alimaliza kulipwa yote, utampigia simu mpaka uniti ziishe. Kwangu fundi anapata avansi, anapata ya katikati, na fungu la mwisho linabaki mfukoni mwangu mpaka nione udongo wa uwanja wangu kwa macho.

#4 Fundi_Mosala
@Papa_Bagira na kuna wale ambao fungu la mwisho linabakiaka mfukoni mwao milele. Uchafu ukiondoka wanapata sababu nyingine, rangi, mlango, kitasa. Hilo ndilo linafanya mafundi wengi wachukue vyombo vyao na kuondoka mapema. Muandike na hilo.

#5 Injenia_Ndendere
Naomba suala la nani mwenye uchafu lisubiri kidogo. @MwanaPanzi, rundo lina urefu gani, upana gani, kimo gani? Na liko mbali gani na ukingo wa ukuta?

#6 MwanaPanzi
Hatua tatu kubwa kwa urefu, mbili kwa upana, linanifika kiunoni. Linaanzia kwenye ukingo wenyewe.

#7 Injenia_Ndendere
Basi ni kama mita za ujazo sita. Vifusi vya matofali na sima visivyoshindiliwa, mita moja ya ujazo inakaribia tani moja na nusu. Yaani umeweka tani nane au tisa hivi juu ya kichwa cha ukuta ambao haukujengwa kwa ajili ya mzigo huo. Mvua ikiingia ndani uzito unapanda. Lori lililojaa likiegeshwa hapo ungepiga kelele, lakini rundo kwa sababu lilikua polepole hakuna aliyelishtukia.
Fanya hivi leo: usiongeze hata karai moja hapo. Watoto wa jirani wasicheze chini ya ukuta. Anza kuondoa kutoka juu na kutoka ukingoni, ukisogeza kuelekea nyumba, si kulisukuma kwa chini. Tafuta turubai ulifunike maji yasiingie.

#8 Mzee_Kasali
Injenia umesema vizuri, lakini usimpe mama hukumu kabla ya kuona. Kuta za Bukavu zinatoa tumbo hata bila rundo. Milima hii inatembea. Panzi, Funu, Nyakaliba, kila mahali watu walikokata udongo na kuondoa miti, ardhi inashuka kila masika. Na nyumba nyingi zilipata ufa tangu lile tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, watu wakapaka rangi juu yake. Labda ukuta wako ulianza tumbo zamani, mama, na leo ndiyo umeuangalia.

#9 Fundi_Mosala
Mimi nauliza kitu kimoja tu: ukuta una matundu ya kutoa maji? Kama hakuna mabomba madogo yanayopenya, maji yanajaa nyuma ya ukuta na kuusukuma. Mawe pekee hayazuii maji. Nimeona kuta nene zimelala chini kwa sababu hiyo, na juu yake hapakuwa na hata tofali moja.

#10 MwanaPanzi
Matundu yapo mawili. Moja naliona limezibwa na tope.

#11 Dada_Nguba
Manjanja mapya ya nyuma yana mfereji wa kushika maji? Maana umesema alibadilisha paa upande huo.

#12 MwanaPanzi
Eeh, dada. Mifereji ya zamani iliondolewa, alisema imeoza, ataleta mingine. Sasa hivi iko ndani ya rundo. Maji ya paa yanadondoka pale pale nyuma.

#13 Dada_Nguba
Basi maelezo yako sasa ni manne: rundo, mlima, matundu, na maji ya paa. Ningeanza na mfereji, hata bomba la kukata katikati, maji yapelekwe kwenye kanivo, mtaro wa kando ya njia. Ni kazi ya nusu siku.

#14 Injenia_Ndendere
@Dada_Nguba nakubali mfereji uwekwe, ila sikubali uwe wa kwanza. Mzigo wa tani nane ndiyo wa kwanza. @Mzee_Kasali nakuheshimu, mlima unatembea kweli, lakini hauwezi kuongezewa mzigo kisha tukasema ni mlima.

#15 Mzee_Kasali
Pakeni plasta nyembamba juu ya ufa kama upo, muandike tarehe. Ikipasuka, ukuta unatembea. Isipopasuka, mtajua ni tumbo la zamani. Hiyo haidanganyi.

#16 Sheria_Essence
Turudi kwa swali la mama. Kuna mambo mawili tofauti. Kati yako na fundi, ni mapatano. Kanuni zetu za kiraia, kitabu cha tatu, kifungu cha 33, kinasema mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa waliopatana. Kama hamkutaja uchafu, kila mmoja atavuta kwake, na shahidi ni desturi ya mahali. Kati yako na jirani, fundi hayumo kwanza: aliyesababisha hasara kwa mwenzake kwa kosa lake analipa, hiyo ni 1382.

#17 MwanafunziUOB
Samahani, mkubwa. 1382 ilikuwa ya Ufaransa, nao tangu 2016 wameihamishia 1240. Ubelgiji pia walikuwa na 1382. Kwetu Kongo maneno hayo yako kwenye 258 ya kitabu cha tatu, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Na hapa naona 260 pia inahusika, aliyempa mtu kazi anajibu kwa madhara ya mtu huyo katika kazi. Ukuta ukianguka kwa kukosa matunzo, 262 inamshika mwenye jengo.

#18 Sheria_Essence
Ndiyo, 258. Umesema sawa, aksanti. Ila kwenye 260 angalia: fundi anayepatana bei ya kazi nzima, mwenye vyombo vyake na watu wake, si lazima awe mtumishi wa mama. Wanasheria wanabishana sana hapo. 262 ndiyo ningeiogopa.

#19 Papa_Bagira
Mtamuogopesha mama na namba. Aende kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, akiwa na jirani pamoja, waone wote watatu rundo, waandike karatasi. Huku Bagira tunamalizaka hivyo kabla ya wakili kujua.

#20 Mtoto_wa_Kawa
Nimesoma mpaka hapa na moyo unaniuma kwa sababu hakuna aliyejibu "unapelekwa wapi". Mimi najua unapelekwa wapi. Unakuja kwetu. Usiku watu wa juu wanamwaga vifusi kwenye mto Kawa na kwenye kila bonde la mji. Mvua ikija, maji yanakuta mawe na matofali njiani, yanapanda, yanaingia nyumbani. Nimeshika godoro la mama yangu linaelea. Kila mtu anafurahi shantie yake imesafishwa, na hatuulizi imesafishwa kwenda wapi.

#21 Mama_Neema
Na nani anabeba? Ni sisi wamama wa kamba kichwani. Mtu anatuita, anatuonyesha rundo, anasema "toeni hiki, msiniulize pa kutupa." Analipa kwa mzigo. Unapanda na kushuka na matofali mgongoni, misumari inakuchoma, na ukimwaga bondeni wa chini wanakutukana wewe, si yeye aliyebaki nyumbani. @MwanaPanzi, ukituita, utuambie pa kupeleka na utulipe kufika hapo. Na toa misumari kwanza.

#22 MwanaPanzi
Mama Neema, nimekusikia. Sitamwita mtu kabla sijajua pa kupeleka.

#23 Kilowati
Nyongeza kuhusu mabonde. Yale yanayoshuka ziwa Kivu, takataka zake zinaishia kwenye barage, bwawa la umeme. Ruzizi I, ile ya mwisho wa miaka ya 1950 inayosimamiwa na SNEL, shirika la umeme la serikali, inakaa karibu na pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, na takataka za plastiki zinaziba mitambo yake. Umeme unakatika Bukavu, unakatika na Goma. Tukilalamika giza, tukumbuke na mifuko ya sima.

#24 Fundi_Mosala
Hapana, hapo umeongeza chumvi. Tofali linazama. Haliwezi kutoka Panzi likaogelea mpaka kwenye turbine. Yale ni machupa ya maji na ya soda.

#25 Kilowati
Tofali linazama, ndiyo. Nilisema mifuko. Ile iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki inaelea vizuri sana, na shantie moja inatoa mingapi? Machupa ni mengi zaidi, nakubali. Lakini mifuko nayo imo.

#26 Mtoto_wa_Kawa
Na tofali likizama linakaa kwetu. Halafu linangoja mfuko uje ulizibe vizuri.

#27 Kijana_Goma
Salamu kutoka Goma. Huku ukisema una mawe, mtu anakuuliza bei. Tunasawazisha parsele (viwanja) kwa mawe ya volkano na vifusi, juu ya lava ya 2002 ilipopita. Nyinyi mna shida ya kuwa na vitu vingi vya kujazia?

#28 Papa_Bagira
Nyinyi mnaletewa mawe na Nyiragongo hadi mlangoni, hamna deni na fundi.

#29 Kijana_Goma
Papa, mwaka 2021 ilituletea tena, tarehe 22 Mei, na hatukuomba. Lakini nasema kweli: vifusi ni mali. Vitenganishwe tu.

#30 Injenia_Ndendere
Kijana wa Goma amefungua mlango. Kutenganisha ndiyo kazi yenyewe. Matofali mazima yasafishwe sima, yanajenga tena, hata kama ni ukuta wa banda la kuku. Nusu na mabonge ya zege yanajazia chini ya sakafu, au nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo ili maji yapite haraka kwenda kwenye matundu. Lakini masharti: yasiwe na mbao, makaratasi wala plastiki ndani. Mbao inaoza, panabaki pango, sakafu inapasuka na mtu anamtafuta fundi wa karo. Na unashindilia tabaka kwa tabaka, sentimita 15 au 20, si kumwaga yote na kukanyaga na viatu. Vipande vya karo vina makali, viende chini kabisa.

#31 MwanaLushi
Lubumbashi hapa. Sisi ni tambarare, uchafu wetu unakwenda kwenye mashimo walikochimba udongo wa matofali ya kuchoma. Vyuma havilali hata usiku mmoja, vijana wanapita wanauliza kabla fundi hajashuka ngazi. Ningekuwa mama Panzi ningeanza kuuza nondo na mifereji iliyooza kwa kilo, pesa hiyo ilipe wabebaji.

#32 Dada_Nguba
Naomba niingize langu, linafanana. Nyumba ya marehemu baba ni ya kabla ya uhuru. Tulibadilisha paa. Za zamani hazikuwa manjanja, ni zile bati nene za kijivu zenye mawimbi, nzito, ukizigonga zinapasuka. Fundi alizitupa kutoka juu, zikavunjika uwanjani. Watoto wa jirani wanachoreana ubaoni na vile vipande. Nazo nizijazie chini ya sakafu?

#33 Muuguzi_Kadutu
Dada, HAPANA. Simama kwanza. Bati za aina hiyo za wakati ule mara nyingi zilichanganywa na asbesto, wenzetu wa Kifaransa wanaita amianti. Nyuzi zake ni ndogo mno, jicho halizioni, ukivuta zinakaa kwenye mapafu. Aina zote za asbesto zinaleta saratani, Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu 2005.
Wanyang'anyeni watoto vile vipande sasa hivi, muwaoshe mikono. Msivunje zaidi, msikate, msifagie pakavu. Mwagieni maji kidogo kidogo ili vumbi lisiruke, muweke kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, mfunge. Nguo za aliyefanya kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto.

#34 Fundi_Mosala
Tumekata hizo bati tangu enzi za baba yangu. Kwa msumeno. Hatujafa.

#35 Muuguzi_Kadutu
Kaka yangu, ugonjwa wake unachukua miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kuonekana. Ukifika, mtu anaambiwa ana kifua kikuu au amelogwa, na hakuna anayekumbuka msumeno. Sikutishi. Nakuomba tu wewe na vijana wako msikate tena pakavu. Wewe ndiye unayepumua vumbi hilo kuliko mwenye nyumba.

#36 Fundi_Mosala
Baba alikufa akikohoa. Walisema ni sigara.
Nimesikia.

#37 Injenia_Ndendere
Pole, fundi. @Dada_Nguba, kwa macho mtu hawezi kuhakikisha. Kuna bati za kijivu za baadaye zisizo na asbesto. Lakini nyumba ya kabla ya 1960, uichukulie kuwa inayo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

#38 Dada_Nguba
Nimeshaita watoto. Tumekusanya. Mifuko sasa niipeleke wapi?

#39 Sheria_Essence
Hapo ndipo panapouma. Sheria ya mazingira ipo, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, na sheria ya 2008 kuhusu miji na komini (serikali za sehemu za mji) imewapa usafi wa mahali. Karatasi tunazo. Andika barua komini, acha nakala na muhuri wa kupokelewa, hata wasipojibu leo. Wakati huo mifuko ikae imefungwa, mahali pakavu, mbali na kisima na watoto.

#40 Mzee_Kasali
Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi hapo, wana mpango wa serikali wa kuondoa paa hizo, na watu waliofundishwa kazi hiyo. Sisi tunazitupa kutoka juu.

#41 Mama_Neema
Mbao za MwanaPanzi, mtu asichome kwenye mbabula, jiko la makaa, kama zina rangi. Jirani yangu alipikia maharagwe mlango wa zamani, nyumba nzima ilikohoa usiku.

#42 Muuguzi_Kadutu
Mama Neema amesema kweli. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani, nayo inaharibu akili ya mtoto. Zisizo na rangi tu ndizo kuni.

#43 MwanaPanzi
Nimefanya hivi mpaka sasa. Jirani amepanda, tumesimama pamoja na shefu wa avenyu mbele ya rundo, karatasi imeandikwa. Turubai limewekwa. Fundi wangu amejibu ujumbe: atatuma vijana wawili, lakini beni halipi. Jirani anasema vifusi safi vipelekwe kwenye shimo la njia yetu, pale pikipiki zinapoanguka, Jumamosi baada ya salongo, kazi ya usafi ya pamoja. Tundu la ukuta limezibuliwa, maji machafu yametoka mengi sana. Plasta ya Mzee Kasali bado.

#44 Fundi_Mosala
Uliona? Maji. Nilisema matundu.

#45 Injenia_Ndendere
Maji yalitoka, na rundo limo bado juu. Subiri liondoke ndipo useme.

#46 Mtoto_wa_Kawa
Shimo la njia lisijazwe mpaka kanivo ikafunikwa, tafadhali. Muache maji yapite kando. Kama hamtajali nitakuja mwenyewe Jumamosi na beleshi niwaonyeshe mahali pa kuacha.

#47 MwanaPanzi
Karibu sana, ndugu. Saa tatu asubuhi. Utakula kwetu.

#48 Papa_Bagira
Matofali mazima unayagawa au unauza? Nina banda la kuku. Nitakuja na bruweti (toroli) na mtoto mmoja, nisafishe sima mwenyewe.

#49 MwanaPanzi
Chukua, papa, mpaka yaishe. Na Mama Neema, naomba wamama watatu kwa vipande vya karo, misumari imeshatolewa. Tupatane bei kabla, njoo ijumaa uone mzigo.

#50 Fundi_Mosala
Nitapita na mimi. Nina bomba mbili za matundu zimebaki shantie nyingine, mwenyewe amekubali nizitoe. Ukuta ukishapunguziwa tutaongeza tundu la tatu, upande wa mgomba. Muuguzi, ile mifuko ya dada wa Nguba, vijana wangu wavae nini wakienda kuisogeza?